Kichanga hatulii kwenye picha: dalili, sababu na la kufanya

Mtoto mchanga aliyeshiba, mwenye joto la kutosha na aliyefungwa vizuri hulala. Asipolala, kuna kitu kinamsumbua, na mara nyingi kitu hicho kinaweza kujulikana na kuondolewa ndani ya dakika chache, bila sindano wala dawa. Naandika kwa ajili ya wazazi walioshikishwa karatasi ya kipimo, na pia kwa manesi na wataalamu wa mionzi wanaowapokea. Inaniuma kuona mtoto wa siku 5 anaandikiwa dawa ya usingizi wakati shida yake ni pampasi iliyolowa.

Kwanza tuelewane kuhusu muda. Eksirei hupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. CT, eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande, kwa mashine za siku hizi ni sekunde chache. Ultrasaundi huchukua muda zaidi, ila mkono wa mpimaji unaweza kumfuata mtoto anapojigeuza. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, ndiyo yenye masharti magumu. Picha za ubongo hupigwa kwa mafungu, kila fungu huchukua dakika 2 hadi 6 hivi, na kazi nzima inaweza kufika nusu saa au dakika 45. Data ya fungu moja hukusanywa kidogo kidogo mpaka mwisho, kwa hiyo mtoto akigeuza kichwa sekunde chache kabla fungu halijaisha, ukungu hutapakaa kwenye picha zote za fungu hilo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni MRI.

Njia ya msingi ni rahisi kuieleza: mtayarishe, mfunge, mnyonyeshe, subiri alale usingizi mzito, ndipo umlaze. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa watoto wa chini ya miezi 3. Ikishindikana, angalia dalili iliyo mbele yako.

Analia kabla hata hajaingia, anageuza kichwa kutafuta titi

Ni njaa, lakini chanzo cha njaa hiyo kwa kawaida ni foleni. Mama ameambiwa afike saa 2 asubuhi. Amenyonyesha saa 1 asubuhi, kabla ya kupanda daladala, mtoto akalala njiani usingizi mtamu kabisa, ule ule uliohitajika kwenye mashine. Saa 4 anaitwa, mtoto ameamka, amechoka kubebwa, na sasa anadai titi. Hapo mama hana kosa lolote. Kosa ni la ratiba iliyomhesabu mtoto mchanga kama mgonjwa mtu mzima.

Dawa yake ni kupanga kunyonya kwa mtoto kufuatana na nafasi ya mashine, na kuachana na saa ya ukutani. Mtaalamu wa mionzi apige simu wodini au atoke kwenye benchi aseme: mgonjwa aliye ndani anamaliza, anza kunyonyesha sasa. Lengo ni mtoto apewe titi dakika 30 hadi 45 kabla ya fungu la kwanza la picha, tena chumba cha jirani, si jengo la pili. Ili anyonye kwa hamu, acha muda wake wa kawaida upite tangu mlo uliotangulia, saa 2 au 3 hivi. Usizidishe. Mtoto njiti, mtoto mdogo sana kwa uzito, au wa mama mwenye kisukari anaweza kushuka sukari ukimcheleweshea maziwa, na hapo utakuwa umetengeneza tatizo kubwa kuliko lile la picha.

Hapa kuna jambo ambalo lazima liulizwe mapema: mpango ni kulala kwa kunyonya au kulala kwa dawa? Maandalizi yake yanapingana. Wa kunyonya anatakiwa ashibe. Wa dawa anatakiwa tumbo liwe tupu, kwa kawaida saa 4 baada ya maziwa ya mama na saa 6 baada ya maziwa ya kopo, ingawa zipo hospitali zilizopunguza muda huo. Mama akipewa maelekezo ya huku na nesi akafuata ya kule, mtoto anakaa na njaa bure, au anapewa dawa akiwa ameshiba, maziwa yakapanda na kuingia kwenye mapafu. Swali hilo liulizwe siku karatasi inapotolewa, na jibu liandikwe juu ya karatasi hiyo hiyo.

Amelala mikononi, akigusa meza tu anafumbua macho

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na lina sababu tatu zinazokwenda pamoja.

Ya kwanza ni haraka. Kichanga hapiti moja kwa moja kwenye usingizi mzito. Huanza na usingizi mwepesi: macho yanacheza chini ya kope, anatabasamu, anakunja uso, vidole vinarukaruka, pumzi inakwenda mbio kisha inasita kidogo. Watu wazima wanaona macho yamefumba, wanasema kalala, wanamkimbiza mezani. Bado. Awamu hiyo inaweza kuchukua kama dakika 20. Subiri uso ulegee, pumzi iende sawasawa, mdomo uachie chuchu wenyewe. Kisha nyanyua mkono wake taratibu na uuachie. Ukianguka umelegea, twende. Ukijikunja kurudi kifuani, kaa tena. Mzunguko mzima wa usingizi wa kichanga ni kama dakika 50 hadi 60, kwa hiyo dakika unazosubiri hapa utalipwa ndani.

Ya pili ni kushikwashikwa baada ya kulala. Mtoto amenyonya, amelala, halafu ndipo anavuliwa, anafungwa kipima oksijeni mguuni, anawekwa vizibo masikioni, anaviringishwa. Nani asingeamka? Geuza mpangilio: kila kinachohitaji kumgusa kifanyike kabla ya titi. Badilisha pampasi. Mvue chochote chenye chuma. Weka kipima oksijeni kinachoruhusiwa ndani ya MRI, kebo yake ikiwa imenyooka bila kujikunja duara. Ziba masikio. Halafu mfunge kwa khanga laini au shuka la pamba, mikono ikiwa imetulia kifuani au ubavuni, na chini uache nafasi ya mapaja kujikunja na kutanuka. Usiinyooshe miguu kwa nguvu. Nyonga za kichanga haziutaki mtindo huo. Khanga ibane mabega kiasi cha kuzuia mikono kuruka, lakini vidole vyako viwili vipite kati ya kitambaa na kifua, maana kifua lazima kipande na kushuka. Ndipo mama ampokee na kumnyonyesha akiwa tayari ndani ya khanga.

Ya tatu ni namna ya kumlaza. Kichwa cha kichanga kikishuka ghafla, mikono yote hutupwa nje kama mtu anayeanguka, naye hujishtua mwenyewe. Tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho, na kiganja chako kibaki kifuani kwa dakika moja au mbili kabla ya kukiondoa polepole. Chumba cha MRI huwa na ubaridi kwa ajili ya mashine, kwa hiyo meza itandikwe kitambaa kilichopashwa joto. Mkiwa na ule mfuko maalumu wenye punje ndani unaofyonzwa hewa na kushika umbo la mtoto, mpokeeni humo. Kama hamna, taulo ndogo zilizokunjwa pande mbili za kichwa na sponji kwenye koili, kile kifaa kinachozunguka kichwa ndani ya mashine, vinatosha kabisa. Plasta ya kubana paji la uso sikubaliani nayo.

Mtoto mmoja aliamka kila tulipomlaza. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaninong'oneza, "Dada, hebu nimuweke mwenyewe." Alikuwa ameshakaguliwa, hana chuma mwilini. Akainama naye mpaka kifua chake kikagusa meza, akamwachia akiwa bado amemkumbatia, akabaki ameinama hivyo huku akimwimbia kwa sauti ya puani, kisha akajiondoa mkono mmoja mmoja. Mtoto hakutikisika. Tangu hapo mama anayeruhusiwa kuingia ndiye ninayempa kazi ya kulaza. Harufu na pumzi yake mtoto anazijua, mimi hanijui.

Ametulia vizuri, mashine ikianza kugonga anaruka

MRI hupiga kelele inayoweza kuvuka desibeli 100. Pamba peke yake haitoshi, na vizibo vya sponji vya watu wazima haviingii kwenye tundu la sikio la kichanga visipokatwa vikawa vidogo. Tumia kinga mbili: kizibo kidogo au nta laini maalumu ya masikio, kisha juu yake vifuniko vidogo vya kubandika vinavyotengenezwa kwa ajili ya vichanga. Kofia nyembamba juu ya vyote huzuia visichomoke. Masikio hayafunikwi kwa ajili ya usingizi tu. Hata mtoto aliyepewa dawa akalala fofofo ni lazima yazibwe, kwa sababu kelele humfikia vile vile.

Kuna pia suala la mshtuko. Kelele inayoendelea humsumbua mtoto kidogo kuliko ile inayoanza ghafla kwenye ukimya. Anza na fungu lenye mlio mpole, na usiache ukimya mrefu katikati. Mashine nyingine zina mpangilio wa kupunguza kelele kwa gharama ya kuongeza muda. Kwa kichanga gharama hiyo inalipika. Lakini usiache picha muhimu ziwe za mwisho. Kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, picha zinazoonyesha mtawanyiko wa maji kwenye ubongo ndizo zinazozungumza zaidi katika wiki ya kwanza, baadaye zinaweza kuonekana kama vile hakuna tatizo. Hizo zipigwe angali amelala fofofo. Nyingine zifuate kwa kadiri ya bahati.

Anajinyonga, uso mwekundu, miguu anaivuta tumboni

Hewa tumboni, choo, au joto. Mcheulishe baada ya kila titi, hata kama anaonekana amelala. Mweke wima begani, sugua mgongo, mpe muda. Kama amejisaidia, hakuna ujanja, mbadilishe na uanze upya.

Joto husahaulika kwa sababu tunaogopa sana baridi. Mtoto aliyefungwa khanga mbili, blanketi la sufi juu na kofia nzito hutoka jasho shingoni. Ndani ya MRI mwili pia hupokea nguvu ya mawimbi ya redio na kupata joto kidogo. Pima kwapani: nyuzi 36.5 hadi 37.5 ndiyo hali njema. Hakikisha pia kuna kitambaa kikavu kati ya paja na paja, na kati ya mkono na mwili, ili ngozi isigusane na kutengeneza mzunguko wa umeme unaoweza kuunguza.

Anatetemeka

Hapa weka picha pembeni kwanza. Shika kwa upole mkono au mguu unaotetemeka, uukunje. Ukiacha kutetemeka, huenda ni baridi, njaa au sukari iliyoshuka: pima joto, pima sukari, mrudishe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Ukiendelea kuruka ndani ya kiganja chako, au macho yamekwenda upande mmoja, au mdomo unatafuna hewa, hiyo inaweza kuwa degedege, na daktari wa watoto aitwe hapo hapo. Baridi nayo si jambo dogo kwa mtoto njiti. Chini ya 36.5 hatakiwi kuendelea kukaa kwenye chumba kile.

Ametulia kupita kiasi

Kichanga asiyeamka hata kubadilishwa pampasi, asiyenyonya, aliyelegea kila kiungo, au anayeguna kila anapotoa pumzi, si mtoto mtulivu. Nimesikia akisifiwa kwenye korido, "huyu hana shida, mpigeni upesi upesi." Huyo ndiye wa kusimamishwa kwanza. Pumzi inayosita kwa sekunde 5 hadi 10 na kurudi yenyewe ni ya kawaida kwa vichanga. Inayosita sekunde 20, au inayoambatana na weusi wa midomo, ni dharura.

Hakutikisika, lakini picha ina tundu jeusi au imejipinda

Tafuta chuma. Vifungo vya kubonyeza vya nguo ya mtoto, pini ya nepi, hereni za watoto wa kike, bangili ya fedha, kengele ndogo ya kiunoni, hirizi iliyoshonewa kitu ndani. Wanja wa nyusi nao usafishwe, kwani baadhi ya rangi za macho huwa na madini yanayoharibu picha. Pini ni zaidi ya kuharibu picha: sumaku inaweza kuinyakua na kuirusha. Kwa hirizi na shanga, zungumza na familia kwa heshima. Bibi aliyemfunga mjukuu wake kamba alikuwa anamlinda, na sisi tunamlinda vile vile. "Bibi, tushikie hapa nje, tukitoka unamrudishia mwenyewe" huwa inatosha. Kukata kamba kwa mkasi bila kuuliza ni ukatili, na bibi atakuwa amepandisha sauti mpaka mtoto aamke.

Eksirei imetoka kombo

Kwa sehemu ndogo ya sekunde hauhitaji usingizi, unahitaji mshiko. Mtu mmoja ashike mikono ikiwa imeinuliwa kando ya kichwa, huku akizuia kichwa kisigeuke. Mwingine ashike nyonga zikiwa zimelala sawa. Kifua kikipinda kidogo tu, moyo huonekana mkubwa na pafu moja jeusi kuliko jingine. Kilio chenyewe hakiharibu kila kitu: anapovuta pumzi ndefu kabla ya kulia tena ndipo mapafu yamejaa, na hapo ndipo pa kubonyeza. Ukibonyeza anapotoa pumzi, mapafu yatatoka meupe na daktari atadhani ni nimonia. Mshikaji avae aproni ya risasi, yale madini yanayozuia mionzi, mikono yake isiingie kwenye eneo la mwanga unaoonyesha mionzi itakapopita, na asiwe mjamzito. Muulizeni kila mwanamke, hata shangazi anayejitolea kwa moyo mmoja.

Ultrasaundi: analia ikiguswa tu

Jeli ni ya baridi. Ipasheni joto kwenye maji vuguvugu. Kwa picha ya ubongo kupitia utosi, kifaa kinaguswa tu, hakikandamizwi, na mtoto anaweza kupimwa akiwa ananyonya kifuani kwa mama. Kwa moyo, kilio hubadilisha mapigo na msukumo wa damu kwenye mapafu, kwa hiyo ni afadhali kusubiri robo saa kuliko kupima moyo wa mtoto anayepiga kelele. Kwa anayetapika kwa nguvu na anayeshukiwa kuwa na mlango wa tumbo ulioziba, titi lenyewe linaweza kuwa sehemu ya kipimo: mpimaji hutazama maziwa yanavyopita, au yanavyokataa kupita.

Nyumbani wameshampa kitu ili alale

Uliza bila kufoka, maana mama akiogopa hatasema. Piritoni na fenagani, ambazo ni dawa za mzio, hutumiwa sana mitaani kuwalaza watoto. Fenagani inaweza kuzima pumzi ya mtoto mdogo, na huko Marekani tangu 2004 ina onyo kali kwamba isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1 hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mtoto aliyepewa dawa hizi aangaliwe na daktari kwanza, na hasa asiongezewe dawa ya usingizi juu yake.

Sukari ya hospitali ni habari nyingine. Matone machache ya maji ya sukari ya asilimia 24 juu ya ulimi, dakika 2 kabla ya sindano, hupunguza maumivu kwa dakika chache. Inafaa pale ambapo mtoto lazima awekwe kanula kwa ajili ya dawa ya kung'arisha picha. Haimlazi kwa nusu saa, na isitengenezwe jikoni kwa kijiko.

Tumejaribu yote, bado

Kabla ya kumtoa mezani, mpigie daktari wa radiolojia. Mafungu 3 yaliyotoka safi huenda yamekwisha jibu swali alilouliza daktari wa watoto, na mtoto akaenda nyumbani. Kama hayatoshi, mrudishe kwa mama, mpe titi tena, jaribu mwisho wa foleni au jioni wakati idara imetulia.

Dawa ya usingizi ina mahali pake, na mzazi asiikatae kwa hofu tu inapohitajika kweli. Utafiti wa kimataifa uitwao GAS, uliochapishwa 2019, haukuona tofauti ya akili wakiwa na miaka 5 kati ya watoto waliopata nusukaputi moja ya chini kidogo ya saa moja wakiwa wachanga na wenzao waliochomwa ganzi wakiwa macho. Onyo la mamlaka ya dawa ya Marekani la 2016, kuhusu nusukaputi na ubongo wa watoto wadogo, linahusu ile ya zaidi ya saa 3 au ya kurudiarudia. Hatari ya karibu ni pumzi, hasa kwa njiti. Kwa hiyo dawa itolewe na mtu anayeweza kumsaidia mtoto kupumua, oksijeni na kifaa cha kupumulia cha saizi yake vikiwa mkononi, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine zaidi ya kumtazama.

Baada ya hapo asiruhusiwe kuondoka kwa sababu amefumbua macho tu. Aamke kweli, anyonye bila kupaliwa, rangi na joto viwe sawa. Aliyezaliwa njiti na bado ni mdogo hulazwa usiku huo, apumue huku kifaa kikimwangalia. Mzazi anayetoka mbali aambiwe hivyo mapema, aje na khanga za kutosha na mtu wa kumletea chakula.